Nani Kapiga Solo?

Mtoto wa kaka yangu ni mtangazaji wa redio moja ya FM hapa Dar es Salaam, na mwaka huu amepewa kipindi cha muziki wa zamani, Jumapili mchana. Alikuja nyumbani na flashi. "Shikamoo shangazi, nimekuletea kazi." Akaichomeka kwenye kompyuta yake, zikajipanga nyimbo mamia kwa mamia. Majina yake yalikuwa Zilipendwa 01, Zilipendwa 02, Zilipendwa 03, hivyo hivyo mpaka mwisho. Akafungua ya saba. Gitaa halijafika mbali nikamwambia, hii "Georgina". Akafurahi kweli. "Ee, shangazi, hii ya Msondo naijua."

Si ya Msondo. "Georgina" ni ya Safari Trippers, na anayeimba ni Marijani Rajabu, ambaye baadaye alikwenda Dar International akatupa "Zuwena" na "Mwanameka". Marijani alifariki 1995, kijana huyu hajazaliwa. Sikuweza kumlaumu. Nani angemwambia? Aliyemnakilia nyimbo hizo alimnakilia sauti tupu, na aliyemnakilia huyo naye vivyo hivyo. Kila mkono uliozipokea uliangusha jina moja, mara la mtunzi, mara la mwimbaji, mara la bendi, mpaka ikabaki namba.

Hata kusema Msondo kuna sababu yake. Msondo kwanza ulikuwa mtindo wa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoanza 1964. Chama kilipobadili jina, bendi nayo ikabadili, ikawa JUWATA, kisha OTTU. Wapenzi wakashika jina la mtindo, na mwishowe bendi yenyewe ikalichukua: Msondo Ngoma. Basi mtu wa leo akisikia tarumbeta zinaingia kwa pamoja na sauti ya kiume inayobembeleza, anasema Msondo, amemaliza. Zamani asingeweza kumaliza hivyo, kwa sababu wimbo ukiisha palikuwa na mtu wa kumwambia. Mtu huyo nilikuwa mimi, na wenzangu.

Barua yangu ya ajira ya Radio Tanzania Dar es Salaam ina tarehe ya 1976. Nimeitoa kabatini ili niandike mwaka sahihi, na sasa nauacha hapo, maana kazi hii niliianza kabla, Ngamiani, Tanga, kwenye kibaraza cha jirani yetu fundi cherehani. Yeye ndiye aliyekuwa na redio. Betri zake za National zikichoka alizianika juani juu ya ukuta, na jioni zilikuwa zimepata nguvu ya kutufikisha kwenye taarifa ya habari. Wimbo ulipoanza sisi watoto tulibishana: Atomic! Jamhuri! Mwingine anasema Kilwa Jazz. Ikija taarabu, wasichana ndio mahakimu: huyo Shakila, na hiyo ni Black Star. Kisha tunanyamaza wote, kwa sababu wimbo unakwisha na mtangazaji atasema. Alichosema yeye hakikatiwi rufaa. Fundi alikuwa akiinua mguu kwenye cherehani ili asikie vizuri, na nguo ya mtu ikabaki imeshikwa na sindano mpaka jina litajwe. Pale ndipo nilipotaka kuwa yule anayesema.

Jengo la Barabara ya Pugu, ambayo siku hizi inaitwa Barabara ya Nyerere, lilikupokea kwa baridi. Viyoyozi viliwekwa kwa ajili ya mitambo, nasi tuliokuwa na zamu ya alfajiri tulivaa masweta katika mji ambao watu wake wanalala na madirisha wazi. Lakini baridi uliizoea. Harufu ya maktaba ya santuri mimi sijaizoea hadi leo. Nikiikuta mahali, hata kwenye karakana ya fundi redio, miguu inasimama yenyewe. Ilikuwa spiriti ya kusafishia vichwa vya mashine, na karatasi nene ya maganda ya santuri iliyonyonya unyevu wa bahari miaka kwa miaka, na lile vumbi la kahawia linaloacha alama vidoleni ukishashika kanda. Juu ya hayo yote ilikuwapo kahawa chungu ya mzee wa maktaba, ambayo aliiweka chini sakafuni, mbali na meza, ili isije ikamwagikia kitu.

Mzee huyo sitamtaja jina. Watoto wake wapo na hawajaniruhusu. Alikuwa mfupi, kanzu siku ya Ijumaa, siku nyingine shati jeupe lenye kalamu mbili mfukoni, moja ya wino wa bluu na moja ya wino mwekundu. Bluu ilikuwa ya jina la wimbo na bendi. Nyekundu ilikuwa ya watu. Kila santuri na kila kanda ilikuwa na kadi yake ndani ya droo ndefu za mbao, na kadi hizo alizijaza kwa mwandiko uliosimama wima, herufi hazigusani. Mtunzi. Mwimbaji wa kwanza, wa pili. Gitaa la solo, la kati, la besi. Tumba. Saksafoni.

Alikuwa na kanuni moja. Hutoki na santuri mlangoni mpaka umsomee kwa sauti kilichoandikwa kwenye lebo, halafu akuulize kisichoandikwa. "Nani kapiga solo?" Kama hujui, haruki. Anakuvutia kiti kwenye mashine ya kusikilizia, anakuvalisha vile vizibo vizito vya masikioni, anakwambia, "Kaa, mwanangu. Hujui unachokwenda kukipiga." Usikilize wimbo wote, hata kama kipindi chako kimekaribia. Nilitoka pale mara nyingi nikikimbia kwenye korido, lakini sikutoka nikiwa sijui.

Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha santuri. Santuri zilitoka Nairobi, na mpaka wetu na Kenya ulipofungwa 1977 zikapungua kabisa, hadi ulipofunguliwa tena 1983. Kilichotubeba miaka ile ni kanda zetu wenyewe. Bendi zilikuja pale redio, zikarekodi studioni, wote wanapiga kwa pamoja, mwimbaji na mpiga tumba chumba kimoja, akikosea mmoja mnaanza upya. Mashairi yalikuwa yamekwisha kupitiwa kabla. Siku ya kurekodi korido ilijaa masanduku ya magitaa na vijana waliovaa sare za bendi zao, wengine wametoka mikoani kwa basi usiku kucha. Mzee wa maktaba alikuwa akiwangojea mlangoni wakitoka, na kadi mkononi. Kiongozi wa bendi huwa anakuja mbele kutoa maelezo. Mzee anampita, anakwenda kwa yule aliyesimama nyuma kabisa. "Wewe wa tumba, jina lako nani? La baba?"

Siku moja nilimuuliza kwa nini anahangaika na wapiga tumba, wakati hewani tunataja bendi na mtunzi tu. Alinijibu bila kuinua macho kwenye kadi yake. "Kiongozi anajulikana. Huyu ana mama yake Kilosa anasikiliza." Tangu siku ile nilitaja na mpiga tumba, kila nilipopata nafasi, na sikuwahi kuambiwa na msikilizaji yeyote kwamba nimerefusha maneno.

Katika nchi nzima hakuna sauti iliyosikika mara nyingi kama zile ngoma zilizotangulia taarifa ya habari. Mtoto aliyekuwa hajaanza kusema aliweza kuziiga. Aliyezipiga ni Mzee Morris Nyunyusa, mtu asiyeona, aliyezungukwa na ngoma zake na kuzipiga nyingi kwa pamoja, peke yake, hadi ukadhani ni kundi. Nimewauliza vijana wa kituo cha mtoto wa kaka yangu. Ngoma wanazikumbuka kwa wazazi wao. Jina hawajawahi kulisikia. Mtu huyu alitangulia mbele ya kila jambo kubwa tulilotangaziwa, la furaha na la msiba, na jina lake halina mahali pa kukaa katika vichwa vya watangazaji. Hilo linaniuma, nami naliandika hapa wazi.

Niwaeleze wasioijua kazi ilivyokuwa. Mbele yako pana meza mbili za santuri na mashine za kanda, na upande wa pili wa kioo yupo fundi mitambo. Santuri ya 45 ilikuwa na ugumu wake. Nyimbo za dansi ni ndefu, na upande mmoja wa santuri ile haubebi wimbo mzima, kwa hiyo waliukata: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Sehemu ya kwanza ni hadithi, mashairi. Sehemu ya pili ndiko kuchemka, magitaa yanaitana, watu wanaachia mwili. Ukiigeuza santuri hewani, unamwacha msikilizaji ameinua mguu hana pa kuutua. Dawa yake ni kuwa na nakala mbili. Ya kwanza inaimba meza ya kulia; ya pili umeilaza upande wa B meza ya kushoto, umetafuta sauti yake ya kwanza kwa kidole, umeirudisha nyuma kidogo, umeishikilia. Inapofifia hii unaiachia ile, na pigo linaangukia palepale lilipokatwa kule Nairobi. Ukifanikiwa, fundi mitambo anainua kidole gumba nyuma ya kioo. Hapakuwa na sifa nyingine, nasi hatukuhitaji nyingine.

Halafu kadi za salamu. Siku hizi watu wanazicheka. Mimi nilizisoma na sitazicheka. Zilikuja ndani ya magunia ya posta, kila moja ina jina la mtumaji, sanduku lake la posta, wimbo anaoutaka, na orodha ya wale anaowasalimu. Mkata mkonge wa Korogwe anamsalimu mama yake Songea. Mvuvi wa Mafia anawasalimu wenzake walioko Kilwa. Mwalimu aliyepangiwa Ngara anawasalimu waliosoma naye, majina yao yote, moja moja. Kipindi cha "Ugua Pole" kilikwenda mpaka kwenye vitanda vya hospitali. Majina yale yalitoka katika lugha zetu zote, na tulifundishwa kuyatamka kama yanavyotamkwa kwao. Mzaliwa wa Tanga, nilijifunza kutoka kwa wenzangu wa Bukoba, wa Tukuyu na wa Shinyanga namna ya kuita watu wao. Kabla ya kuingia hewani nilikuwa nikipita ofisi kwa ofisi na rundo la kadi: kaka, hili mnalisemaje? Mtu aliyengoja wiki nyingi jina lake litoke redioni, ukalivunja, umemnyang'anya kitu ambacho huwezi kumrudishia.

Januari 1979 habari ilifika kwamba Mbaraka Mwinshehe amefariki kwa ajali ya gari Mombasa. Nilikuwa na zamu ya jioni. Niliposhuka maktaba nilimkuta mzee ameshazitoa kanda zote na santuri zote, za bendi zake, Morogoro Jazz na Super Volcano, amezipanga mezani kwa mwaka, na anazifuta moja moja kwa kitambaa. Hakusema pole. Aliniuliza, "'Shida' unayo?" Nikamwambia ninayo. "Nani kapiga solo?" Nikamjibu, Mbaraka mwenyewe. "Mtunzi?" Mbaraka. "Mwimbaji?" Nilishindwa kujibu. Akanikabidhi. Nikaenda kuyasema yote matatu hewani, kama alivyotaka, na nikayasema kila wimbo ulipokwisha.

Mwaka uliotangulia ndipo kazi ya kutaja majina ilipokuwa ngumu kweli, na tamu kweli. Mlimani Park, yenye mtindo wa Sikinde, ilizaliwa 1978, na ikazoa waimbaji na wapigaji wa JUWATA. Muhiddin Maalim Gurumo, ambaye sauti yake ilikuwa ndiyo sura ya NUTA, sasa akawa Sikinde. Mwaka 1985 akaondoka na wengine kwenda Orchestra Safari Sound, mtindo Ndekule, kisha akarudi nyumbani Msondo. Hassan Rehani Bitchuka naye hakukaa mahali pamoja. Kwa hiyo ukisikia sauti ya Gurumo bado hujaijua bendi, na ukiijua bendi bado hujaujua mwaka. Michael Enoch alitambulika kwa gitaa lake la solo enzi za Dar es Salaam Jazz, halafu ukamkuta Mlimani Park anapuliza saksafoni. Wapenzi waligawanyika mitaani na majumbani, mume Msondo, mke Sikinde, na walitusikiliza kwa masikio makali. Ukisema bendi siyo, simu inalia kabla hujafunga kipaza sauti. Hatukuwa tunawafundisha peke yetu, nao walitulinda.

Yaliyofuata yalikwenda haraka, nami nitayapita haraka. Kaseti zilijaa mitaani. Mzee alistaafu, akaacha droo zake zimejaa, na muda si mrefu baada ya hapo akafariki. Redio binafsi zikaja kuanzia 1994, zikachukua watangazaji wengi wazuri. Julius Nyaisanga, tuliyemwita Anko J, alikwenda na sauti yake Radio One, na wasikilizaji wakamfuata. Nami baadaye nilihamia kituo kimoja binafsi. CD zikaja, zikaondoka. Kisha ikaja kompyuta inayopanga nyimbo za siku nzima kabla mtangazaji hajafika kazini, na ndipo nilipoanza kuona vijana wenye vipaji wakiketi mbele ya kipaza sauti bila kujua ni wimbo gani unaofuata. Nilistaafu.

Sipingi kompyuta. Ingeweza kubeba kadi zote za mzee wa maktaba, za bluu na nyekundu, na ikabaki na nafasi. Ninachopinga ni kuiona ina uwanja wa mwimbaji, uwanja wa mtunzi, uwanja wa mwaka, na zote tupu, kwa sababu hakuna aliyeona kuna haja ya kuandika. Ninapinga watangazaji wawili kucheka juu ya mashairi ambayo mtu alikesha akiyatunga. Ninapinga wimbo kukatwa kabla ya sehemu ya pili, pale magitaa yanapoanza kuitana, eti ni mrefu. Tulihangaika na nakala mbili ili sehemu ile ifike. Leo wimbo mzima upo kwenye faili moja, na wanaukata wenyewe.

Tena jambo hili si la heshima peke yake. Sheria ya hakimiliki ya 1999 ndiyo iliyotuletea COSOTA, taasisi ya hakimiliki, na mrabaha unafuata orodha ya kilichopigwa. Orodha ikisema "Zilipendwa 07", mrabaha uende wapi? Marijani ana warithi. Wapiga tumba wana warithi. Patrick Balisidya, aliyetunga "Harusi" na kuipiga na Afro 70, wimbo unaopigwa kwenye maharusi mpaka hii leo, alifariki 2004. Nimehudhuria harusi ambazo bwana na bibi harusi waliingia ukumbini kwa wimbo huo, na nikamuuliza di-jei, kijana mstaarabu mwenye mashine za gharama, ni wa nani. Akanijibu ameukuta kwenye kompyuta.

Basi kila Jumamosi asubuhi mtoto wa kaka yangu anakuja na kompyuta yake. Tunafungua faili, tunasikiliza wimbo mzima, mashairi na kuchemka, ndipo anaandika: wimbo, bendi, mtunzi, waimbaji, wapigaji. Pale sikio langu linapofika mwisho, tunawapigia wanamuziki wazee, na wengine tunawafuata majumbani. Hupokea simu kwa shaka, wakidhani tunataka kitu. Akisikia tunauliza jina la aliyepiga gitaa la besi kwenye wimbo fulani, anakaa kimya kidogo, halafu anamtaja, na kijiji alichozaliwa.

Mkuu wake wa vipindi amemwambia apunguze maneno baina ya nyimbo. Wasikilizaji, anasema, wanataka muziki. Kijana alikuja kwangu amenyong'onyea. Tukakaa na saa. Bendi, mtunzi, mwimbaji, solo, tumba: akisoma kwa utulivu, bila kukimbia, ni sekunde kumi. Tangazo la sabuni katika kipindi chake ni sekunde thelathini. Amemwandikia mkuu wake hivyo hivyo, kwa adabu, na ameruhusiwa mpaka mwisho wa mwaka. Jumamosi hii tunaingia bendi za Tanga. Tunaanza na Jamhuri Jazz, walikopita akina Kinyonga kabla hawajaenda Nairobi na kuwa Simba Wanyika, na nimemwambia aje mapema, maana nyimbo zao za zamani ni nyingi na wapigaji walikuwa wakibadilishana.